Intaki fupi ya kujitengenezea: hewa, joto na sensa inayodanganyika

Kwenye gari la petroli lililotoka kiwandani, hewa huingia kwa njia ya kuzungukazunguka. Huanzia kwenye mdomo wa plastiki nyuma ya grili au ndani ya madigadi, hupita kwenye boksi jeusi lenye filta bapa ya karatasi, kisha hufuata hozi ya raba yenye mikunjo hadi kwenye throtoli, ule mlango unaofunguka unapokanyaga mafuta. Ubavuni mwa hozi hiyo mara nyingi kuna vijisanduku vitupu ambavyo kwa kutazama tu havina kazi yoyote. Intaki fupi, au shoti ramu kama wapenda magari wanavyoiita, inafagia vyote hivyo. Linabaki bomba moja la nusu mita hivi, na filta ya umbo la koni mwishoni.

Mtu mwenye bisibisi, spana, msumeno wa chuma na subira anaweza kuitengeneza mwenyewe, na ndiyo maana huwa miongoni mwa mambo ya kwanza watu kujaribu kwenye gari. Maelezo mengi yanayozunguka yanaishia kwenye kufunga klipu, na sababu inayotolewa ni moja: hewa nyingi, nguvu nyingi. Ni kweli. Ila swali ni hewa nyingi kwa kipimo gani. Injini haichomi lita za hewa, inachoma gramu. Bomba linaweza kuruhusu lita zilezile, au hata zaidi, na bado gramu zikapungua, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Na hata gramu zikiongezeka, kompyuta ya injini lazima izione zote, la sivyo petroli itakayomwagwa haitalingana nazo.

Injini inavuta kiasi gani

Chukua injini ya lita 2.0 ya mapigo manne. Silinda zake zote hujaa mara moja kila kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, injini hiyo ingevuta lita 6,000 za hewa kwa dakika kama silinda zingejaa kabisa. Hazijai kabisa. Tukichukua asilimia 85, tunapata lita 5,100 kwa dakika, yaani lita 85 kila sekunde. Hewa ya nyuzi joto 20 kwenye usawa wa bahari ina uzito wa gramu 1.2 hivi kwa lita, kwa hiyo ni kama gramu 102 za hewa kwa sekunde. Ili petroli iungue yote bila kubakiza hewa wala mafuta, kila gramu moja ya petroli inahitaji gramu 14.7 za hewa.

Sasa pitisha lita hizo 85 kwenye bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 63. Hewa itakimbia karibu mita 27 kwa sekunde. Inasikika kama kasi kubwa, lakini presha inayotokana na mwendo huo ni kama paskali 440 tu, ilhali presha ya hewa inayotuzunguka ni zaidi ya paskali 101,000. Ni chini ya nusu ya asilimia moja, na kona moja iliyopindwa vizuri hula sehemu tu ya hiyo nusu. Ndiyo kusema, kwa injini ya ukubwa huu, kutoka bomba la milimita 63 kwenda la 76 hakukupi kitu utakachokihisi kwenye usukani. Bomba likishalingana na mdomo wa throtoli, upana zaidi ni wa kupendezesha macho.

Hesabu hiyohiyo inaondoa imani nyingine, kwamba gari likiwa mwendoni upepo unasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo wote wa mbele ukiuzuia usimame kabisa utapata paskali 460 hivi. Kwa kilomita 200 kwa saa utapata karibu asilimia 1.8 ya presha ya kawaida. Hapo tunazungumzia mdomo uliokaa mbele ya gari ukitazama upepo. Filta iliyojificha chini ya boneti, nyuma ya radieta, haipati hata hiyo.

Kinachobaki ni kizuizi cha boksi lenyewe, filta na vijisanduku. Hapa ndipo intaki fupi inaweza kuwa na faida halali, na jambo zuri ni kwamba unaweza kuipima faida hiyo kabla hujakata chochote. Tafuta mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uupinde kama herufi U kwenye ubao, kila mkono uwe na urefu wa mita moja, uujaze maji yenye rangi hadi katikati. Mkono mmoja uache wazi. Mwingine uunganishe kwa mpira mrefu hadi kwenye bomba la hewa, kati ya sensa inayopima hewa na throtoli. Dereva aendeshe mahali salama pasipo na magari mengine, akanyage mafuta yote hadi mizunguko ya juu, na abiria asome tofauti ya vimo vya maji kwenye mikono miwili. Kila sentimita 10 za tofauti ni karibu asilimia moja ya presha ya hewa. Ukisoma sentimita 20, basi hata ukiondoa filta na boksi lote, injini ikavuta moja kwa moja kutoka nje, huwezi kupata zaidi ya kama asilimia mbili. Huo ndio mfuko mzima unaougombania, na intaki yako nayo ina filta, kwa hiyo utapata sehemu tu.

Jaribio hilo linafaa kufanywa na kila anayetaka kutengeneza kitu hiki. Wengine watagundua kuwa boksi lao la kiwandani halina kosa. Wengine watagundua kuwa filta imejaa vumbi, na dawa yake ni filta mpya.

Joto linavyokula ulichopata

Uzito wa hewa hushuka joto linapopanda, na unalifuata joto linalohesabiwa kutoka sifuri kamili, nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 25 na chini ya boneti ikiwa 55, uwiano ni 298 kwa 328. Hiyo ni hasara ya asilimia 9 hivi. Kwa makadirio ya haraka, kila nyuzi tatu zinazoongezeka zinakula asilimia moja ya hewa yako.

Weka namba hizi mbili pamoja: kizuizi ulichoondoa kinakupa asilimia moja au mbili, na joto uliloalika linaweza kuchukua tisa. Zaidi ya hapo, kompyuta ya injini ikiona hewa ya moto hurudisha nyuma taimingi ya cheche, yaani huichelewesha, ili injini isigonge, mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, na hapo nguvu inashuka kwa njia ya pili. Ndiyo sababu watengenezaji wa magari, ambao si wajinga, huvutia hewa nje ya chumba cha injini hata kama njia inakuwa ndefu.

Lakini tusitie chumvi. Gari likiwa kwenye foleni, chumba cha injini hugeuka tanuri, na intaki fupi iliyo wazi hunyonya kila kinachotoka kwenye radieta na eksozi. Gari likishika mwendo, hewa mpya inapita na joto hilo linapungua. Kwa hiyo hasara ya asilimia 9 si ya kila dakika. Ni ya mahali pale ambapo watu wengi huendesha, yaani mjini, wakitoka kwenye taa.

Kuna pia hofu iliyozidi kuhusu bomba la alumini kwamba litapasha hewa njiani. Kwa mita 27 kwa sekunde, hewa inapita bomba la sentimita 40 kwa muda wa sekunde 0.015. Haina muda wa kupata joto la maana. Gari likiwa sailensa, limewashwa tu bila kukanyagwa, mambo ni tofauti: injini ileile inavuta gramu mbili hadi tano hivi kwa sekunde, hewa inajivuta polepole na inapashwa kweli. Ila kwenye sailensa hakuna anayetafuta nguvu. Kinachoharibu ni mahali filta inapokaa, si madini ya bomba.

Sensa

Magari mengi ya kisasa yana sensa ya MAF, iliyofungwa kwenye bomba mara tu baada ya boksi la filta. Ndani yake kuna waya mwembamba au utando unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza, na kiasi cha umeme kinachohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndicho kinachoiambia kompyuta ni gramu ngapi za hewa zinaingia. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sensa hiyo haiioni hewa yote. Inaonja kipande kidogo cha katikati ya bomba, kisha kompyuta inazidisha kwa kutumia kipenyo cha bomba la kiwandani ambacho tayari kimeandikwa kwenye programu yake.

Sasa mtu anakuja na bomba pana zaidi. Bomba la kiwandani lilikuwa na kipenyo cha milimita 60, jipya lina 70. Eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 36. Kwa injini ileile, kwenye mizunguko ileile, hewa inapita taratibu zaidi mbele ya sensa, na sensa inaripoti pungufu ya ukweli kwa zaidi ya robo. Kompyuta inamwaga petroli ya injini ndogo kwenye silinda zenye hewa ya injini kubwa.

Ukiendesha kawaida, sensa ya oksijeni kwenye eksozi itaona kuna hewa iliyobaki na kompyuta itaongeza petroli kufidia. Kwa magari mengi nafasi ya kufidia huishia karibu asilimia 25, halafu taa ya injini inawaka na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, inaonyesha msimbo P0171, mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi. Hiyo ni afadhali, maana umeonywa. Hatari ni pale unapokanyaga mafuta yote, kwa sababu magari mengi hapo huacha kusikiliza sensa ya oksijeni na kutegemea namba ya MAF na marekebisho ambayo kompyuta imekwisha kujifunza. Namba ikiwa ya uongo, petroli inapungua wakati uleule ambao joto ndani ya silinda ni kubwa kuliko wakati wote. Injini inaanza kugonga, na pistoni ndizo zinazolipa.

Kwa hiyo kanuni moja inayotosha kwenye sehemu hii: hamisha sensa pamoja na kipande cha bomba lake cha kiwandani. Kama nyumba ya sensa inafunguka kutoka kwenye boksi kwa skrubu mbili au nne, ichukue nzima na utengeneze flanji, bati lenye matundu ya skrubu, ya kuiunganisha na filta upande mmoja na bomba lako upande wa pili. Mshale uliochorwa juu yake uelekee injini. Kama sensa imechomekwa moja kwa moja kwenye plastiki ya boksi, basi bomba lako pale sensa inapokaa liwe na kipenyo cha ndani sawasawa na cha kiwandani, na ncha ya sensa iingie kwa kina kilekile, ikitazama upande uleule. Mbele yake kuwe na kipande kilichonyooka. Kona iliyo karibu na sensa huifanya hewa izunguke, na namba huanza kurukaruka hasa kwenye sailensa.

Si magari yote yana MAF. Mengine hukadiria hewa kwa kupima presha ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, kwa sensa ya MAP, pamoja na joto la hewa. Hayo hayajali sana kipenyo cha bomba. Namna ya kutambua si ngumu: ukiona sensa ya nyaya tatu hadi tano au sita kwenye bomba karibu na filta, hiyo ni MAF. Ukiona kisensa kidogo cha nyaya mbili tu, hicho ni cha joto la hewa, na lazima kihamie kwenye bomba jipya. Kukiacha kinaning'inia ni kuipa kompyuta joto la boneti badala ya joto la hewa inayoingia, na kukichomoa kabisa ni kujiletea msimbo P0113, wa hitilafu ya sensa hiyo ya joto.

Kutengeneza

Kuhusu bomba, alumini iliyopindwa kwa mashine inayolinda kona zisibonyee ndiyo bora. Inakatika kwa msumeno wa mkono na haina kutu. Watu hutumia pia mabomba ya PVC ya maji, na gari hutembea, lakini PVC ya kawaida ina kikomo cha matumizi karibu nyuzi 60 na huanza kulainika kati ya 75 na 80. Karibu na eksozi, joto la namna hiyo si la kutafuta. Bomba lililolegea kwenye klipu huanza kuvuta vumbi bila kelele yoyote. Plastiki ya ABS inavumilia zaidi. Mimi ningetumia PVC kupata umbo na vipimo, nione kama boneti inafunga, halafu nikate alumini kwa kufuata umbo hilo.

Kabla ya kung'oa cha kiwandani, piga picha ya kila hozi ndogo inayoingia kwenye bomba la zamani. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika. Mojawapo ya hozi hizo ni ya pumzi ya injini, inayotoka kwenye kifuniko cha valvu. Injini huvuta hewa safi kupitia hozi hiyo, na wakati mwingine hutoa mvuke wa oili kwa njia hiyohiyo. Kwa gari lenye MAF, hewa hiyo lazima itoke baada ya sensa ili iwe imehesabiwa. Ule mtindo wa kuiacha hozi wazi na kuichomeka kifilta kidogo kwenye kifuniko cha valvu huingiza hewa ambayo kompyuta haikuiona. Magari ya zamani kidogo yana hozi nyingine ya kuongoza sailensa. Zote zipate vipande vya kuunganishia kwenye bomba jipya, vikiwa vimechomelewa au vimefungwa kwa kiraba kinachobana, na kila kimoja kiwe baada ya MAF.

Kukata na kutoboa kufanyike bomba likiwa nje ya gari kabisa. Baada ya msumeno na keekee, pitisha tupa na msasa kwenye kingo za ndani na nje, osha bomba kwa maji na sabuni, likaushe, kisha vuta kitambaa ndani mara kadhaa hadi kitoke bila unga wa alumini. Kati ya bomba hili na silinda hakuna filta nyingine. Kila kipande cha chuma kitakachobaki kitaishia juu ya pistoni. Mdomo wa throtoli uzibwe kwa kitambaa kikubwa chenye rangi kali muda wote unaofanya kazi, kikubwa kiasi kwamba huwezi kukisahau.

Miisho ya bomba inahitaji ukingo ulioinuka kidogo ili hozi ya silikoni isichomoke. Tone chache za kuchomelea kuzunguka mdomo zinatosha, ukizilainisha kwa tupa zisikate hozi. Klipu za kawaida za skrubu zinafaa kwa injini isiyo na turbo. Usizikaze hadi silikoni ianze kuchomoza kwenye matundu ya klipu.

Injini hutikisika kwenye raba zake kila unapokanyaga na kuachia, ilhali mwili wa gari umetulia. Bomba lililoshikiliwa kwa chuma pande zote mbili litapasuka, au litavunja flanji ya sensa. Liache lishikwe na throtoli upande mmoja kupitia hozi laini, na upande wa filta lifungwe kwenye breketi yenye raba katikati. Fungua boneti, mtu mwingine akanyage mafuta kidogo, utazame bomba linasogea kiasi gani na linakaribia nini. Likigusa betri au feni leo, kesho kutakuwa na tundu.

Kisha kingio la joto, ambalo wengi huliona pambo. Hili ndilo linaloamua kama umetengeneza kitu cha maana au umehamisha filta tu. Kata karatasi ngumu kwanza, uipimishe hadi ikae vizuri, ndipo uhamishie umbo hilo kwenye bati la alumini. Kuta zitenge filta na upande wa injini na radieta, na ukingo wa juu uwe na mpira mnene unaobonyea boneti inapofungwa. Ndani ya chumba hicho kidogo elekeza njia ya hewa ya nje. Mara nyingi ule mdomo wa kiwandani uliokuwa unalisha boksi la zamani bado upo palepale, kwa hiyo usiuzibe, uutumie. Ukiangalia vizuri utagundua umejenga tena boksi la hewa, lenye filta kubwa zaidi na njia fupi zaidi. Na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Wapo wanaoamua kurefusha bomba hadi chini ya bampa ili kukwepa joto kabisa. Hewa huko ni baridi kweli, lakini filta inakaa karibu na madimbwi. Ikizama, injini inanyonya maji, na maji hayabanwi. Pistoni ikikutana nayo, konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, inapinda. Kwa hilo, filta fupi iliyokaa juu ina utulivu wake.

Kupima baada ya kufunga

Unganisha skana kabla ya kuanza kazi yote hii na uandike namba: marekebisho ya petroli ya muda mrefu, gramu za hewa kwenye sailensa, na joto la hewa inayoingia gari likiwa kwenye mwendo wa kutulia. Baada ya kufunga, endesha siku chache kisha usome tena. Marekebisho yakibaki ndani ya asilimia tano juu au chini, kipimo chako cha hewa kiko sawa. Yakihama kwa kumi au zaidi kwenye kila hali, sensa imekaa vibaya au kipenyo kimebadilika. Mvujo kwenye manifoldi, baada ya throtoli, hujitangaza sana kwenye sailensa na kupungua mizunguko ikipanda. Mvujo kati ya MAF na throtoli hufanya kinyume. Kwenye sailensa hakuna mvuto mkubwa ndani ya bomba, kwa hiyo unajificha, halafu unakua kadiri unavyokanyaga. Kwa sababu hiyo sailensa iliyotulia si cheti.

Joto la hewa liangalie kwa uaminifu. Kama kwenye mwendo wa kutulia linazidi la zamani kwa nyuzi kumi, tayari umepoteza karibu asilimia tatu na nusu, na kingio linahitaji kazi zaidi. Tahadhari na mashine za kupimia nguvu: gari hupimwa boneti ikiwa wazi na feni kubwa mbele yake, hali ambayo intaki fupi haitaikuta tena barabarani. Karatasi inayotoka hapo inaweza kuwa ya kweli na bado isikuhusu.

Suala la kupunguza ulaji wa petroli halina mjadala mrefu. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima mwaka 2009 magari yenye filta zilizozibwa makusudi, na kwenye injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta ulaji haukubadilika kwa maana yoyote. Kilichoshuka ni uwezo wa kuchanganya mwendo. Sababu yake iko kwenye throtoli. Ukiendesha kawaida, throtoli yenyewe iko nusu imefungwa na ndiyo inayozuia hewa, hivyo kulegeza filta ni sawa na kupanua geti la ua huku mlango wa nyumba umerudishiwa.

Sauti, hilo ni jingine. Vile vijisanduku vitupu vya kiwandani viliwekwa kumeza mawimbi ya sauti, na boksi lenye kuta lilimeza yaliyobaki. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 6,000 huvuta hewa mara 200 kwa sekunde, na ukiondoa vizuizi hivyo unaisikia kila mvuto. Sauti hiyo inalifanya gari lionekane jepesi zaidi, hata saa ya mkononi inapokataa. Sioni ubaya wa mtu kutengeneza intaki kwa ajili ya sauti, mradi ajue ndiyo anayoinunua. Ila uliza kwanza sheria za unakoendesha: jimbo la California, kwa mfano, linataka kifaa cha aina hii kiwe na namba ya idhini ya mamlaka ya hewa, na bomba la nyumbani haliwezi kuwa nayo.

Filta za pamba zenye oili zinahitaji mkono mwepesi. Oili ikizidi, inasafiri hadi kwenye waya wa MAF, inashika vumbi, na usomaji unapungua taratibu. Waya huo husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza tu, bila kitambaa wala kidole. Na baada ya wiki kadhaa za kuendesha, fungua klipu ya upande wa throtoli, futa ndani ya bomba kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi la kukwaruza, filta haichuji au shingo yake haijabana. Hapo rudisha boksi la kiwandani, ambalo natumaini hukulitupa, hadi utakapopata pa kuziba.